Kichwa cha Monseigneur

NYUMBA YA BAHARI: Sehemu ya tisa

"Tumekula, tumeshiba, aksanti sana. Sasa, Baba Laure, utupeleke tuone Monseigneur."

Kwa maneno hayo Nkambo Madeleine alituacha roho juu juma lililopita, na Barnabé kashika tonge la bukari, ugali wetu, kinywa wazi. Wapo walionisimamisha sokoni kuniuliza kama alizimia pale mezani. Hakuzimia. Heri angezimia!

Kwa wewe ambaye gazeti lako lilifungiwa sabuni kabla hujalisoma, nakukumbusha upesi. Barnabé ni mtunzaji wa Nyumba ya Bahari, akwariamu kubwa ambayo Kampuni ya migodi iliijenga hapa Likasi enzi za neema. Watu walitoka hadi Kakanda na Kapolowe kuja kutazama, nyuma ya vioo, samaki wa baharini na matumbawe yao, katika nchi ambayo bahari tunaisikia redioni tu. Mkubwa wa samaki wote alikuwa chewa mmoja mnene, midomo mizito, mwendo wa taratibu. Watoto wa shule ya masista walimwita Monseigneur, kama askofu, kwa sababu alifungua na kufunga kinywa kama anayebariki. Ukigonga kioo, anakuja. Mji mzima ulimjua.

Na ni mbele ya kioo chake Magloire, kijana wa Kamatanda, alipomsemesha Laure, binti pekee wa Barnabé, kwa mara ya kwanza. Jumapili hii watu wa Magloire walikuwa wamekuja kuposa: Nkambo Madeleine, bibi yake aliyemlea, na mjomba wake Éphraïm. Mezani waliwekewa samaki mzima, mnono, kichwa na mkia, wakati Likasi yote inakula sombe, majani ya muhogo, isiyo na mafuta.

Basi unajua walikula nani.

"Wazo muzuri kabisa!" alisema Rosalie, mke wa Barnabé, akikusanya sahani. Maskini mama wa watu, hakujua lolote. Mumewe alimwambia samaki katoka kwa rafiki yake mvuvi wa Kapolowe, naye akamshukuru Mungu na kuwasha makaa. "Bwana yangu iko na funguo. Tuende bote!"

"Courant haiko," Barnabé akadakia. "Tangu asubuhi. Mule ndani giza tu, Nkambo. Utaanguka bure."

"Minye nilitembea mu giza mbele weye haujazaliwa."

"Halafu siku ya Mungu tunafungaka..."

"Uko na funguo ama hauko nayo?"

Ndipo msaada ulipotokea upande Barnabé asioutarajia.

"Minye siendi," alisema mjomba Éphraïm. Huyu Éphraïm alikuwa mwinjilisti wa kanisa la maombi, na Biblia yake kubwa haikutoka kwapani hata wakati wa kunawa. "Bintu bya chini ya mayi ni bya Mambamuntu. Bantu banaendaka kule kutafuta utajiri, banarudia na shetani ku mugongo. Na ile samaki banaiita Monseigneur! Ni jina ya kupatia samaki?"

Barnabé nusura amkumbatie. "Baba Éphraïm anasema kweli tupu! Minye mwenyewe, mbele ya kuingia, nasalika. Tubakie hapa, tunywe chai."

"Éphraïm, nyamaza," alisema Nkambo. "Ile samaki njo ilituonyesha muke. Nitarudia Kamatanda namna gani bila kuisalimia?"

Éphraïm akafikiri kidogo, akapiga Biblia yake kofi. "Basi tuende bote. Nitaiombea. Kama iko na kintu ndani yake, leo itatoka!"

Monseigneur, na chochote kilichokuwa ndani ya Monseigneur, kilikuwa ndani ya Éphraïm.

Usidhani, msomaji, kwamba hapa tunazungumzia wizi wa samaki tu. Kwa watu wa kanisa la Éphraïm, kumlisha mtu kiumbe cha chini ya bahari bila yeye kujua kuna jina moja: ni kumlisha ulozi, yaani uchawi. Wakigundua, ndoa hakuna. Na Laure ataitwa mtoto wa mlozi hadi siku ya kuzikwa, kuanzia Likasi hadi Kamatanda, na hakuna mwanamume atakayekunywa hata maji nyumbani kwake.

Haya, wakaondoka. Nkambo mbele na fimbo yake, Éphraïm na Biblia, Rosalie kavaa kitenge chake cha Pasaka, Laure na Magloire nyuma wakichekeana. Barnabé katikati. Na kila hatua aliikumbuka asubuhi ya jana.

Rosalie alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha jiko, fungu la sombe mapajani. "Tutabapatia bakwe majani, Baba Laure," alisema. "Sawa mbuzi." Akalia bila sauti. Mishahara ilikuwa imegeuka hadithi ya kale, kuku wa mwisho alishaliwa. Barnabé akachukua wavu, akaenda kazini.

Wavu haukuhitajika. Aliweka kiganja chake majini kama afanyavyo siku zote akimlisha, na Monseigneur akaja. Alikuja mwenyewe, akaweka mdomo juu ya kiganja, akangoja chakula. Hapo ndipo Barnabé alipomkamata. Mwiba wa mgongoni ukamchana kiganja, na mkewe alipouliza, akasema amekatwa na kopo.

Alikuja mwenyewe! Hilo ndilo lililomtafuna. Angekimbia, angejificha pangoni, Barnabé angesema ni uwindaji. Lakini alikuja.

Walipofika mlangoni, Barnabé akatoa funguo, na macho yake yakaangukia kibati kilichopigiliwa juu ya kitasa. Kilikuwa na namba. Kampuni ilipenda namba kupita kiasi. Mlango una namba, kiti kina namba, nyundo ina namba, hata sufuria za hospitali zina namba. Wakati wa pillage waporaji walibeba viti, mapazia na kengele ya mlango, samaki wakawaacha kwa kumwogopa Mambamuntu, yule jini wa majini, lakini kuta bado zilikuwa na alama za vibati.

Funguo zikamponyoka.

Kibati! Zamani kabisa, mkubwa mmoja wa mali za Kampuni, mgeni wa kazi na mwenye bidii ya kijinga, aliamuru hata Monseigneur apewe namba. Wakambana kibati kidogo cheupe cha inox, chuma kisichopata kutu, nyuma ya shavu. Ngozi ikaota juu yake, miaka ikapita, watu wakasahau. Barnabé naye alisahau. Alipomparua magamba jana hakukitafuta, hakukitoa.

Na kichwa? Nani alikula kichwa?

Ala! Si swali hilo. Kwetu kichwa cha samaki ni cha mgeni mkubwa, na hakipasuliwi. Kumpa mkwe kichwa kilichopasuliwa ni kumtukana. Rosalie, kwa adabu aliyolelewa nayo, alikipika kizima, akakiweka kizima mbele ya Nkambo Madeleine.

Barnabé akageuka kumtazama. Bibi alikuwa anachokonoa meno kwa kijiti, mtulivu kabisa.

"Uokote funguo, Baba Laure," alisema.

Ndani kulinukia chumvi na unyevu. Ukumbi wa mbele ulikuwa na madirisha, mwanga wa jua ulitosha, na vioo vilikuwa vimefutwa vizuri. Kazi ya Mathieu hiyo. Mathieu ndiye aliyebaki na Barnabé wakati watunzaji wengine wote waliondoka kwenda kuchimba mawe, na alikaa kwenye kichumba nyuma ya jengo. Ndiye parrain wa Laure, alimshika mtoto siku ya ubatizo. Bukari yake mwenyewe aliigawa na samaki wadogo.

Kwenye kioo cha kwanza samaki wa rangi ya chungwa, wenye mikanda myeupe, walikuwa wanaingia na kutoka katikati ya vidole laini vya ua la baharini. Nkambo Madeleine akaegemea fimbo, akachuchumaa kwa taabu, akapiga makofi ya chini chini, yale ya kumsalimia mkubwa.

"Jambo yenu, bana ba mayi," alisema. Kisha akainua macho. "Baba Laure, hii inakulaka nini?"

"Mabaki, Nkambo. Bintu bidogo bidogo."

"Na siku chakula haiko?"

"Inangojaka."

"Inangoja," bibi akarudia, akimtazama. "Muzuri. Na weye, uko na kintu unataka kuniambia juu ya hizi samaki?"

"Hapana, Nkambo. Tuzitazame tu pole pole. Saa iko mingi."

Ndiyo, Barnabé alitaka kuchelewa. Labda bibi angechoka. Labda mvua ingenyesha. Akaeleza maua ya baharini, akaeleza konokono, akaeleza hata mchanga. Ajabu ni kwamba bibi hakuonyesha haraka yoyote.

Kwenye kioo cha pili samaki mwenye mapezi marefu yenye miiba alimtokea Éphraïm uso kwa uso.

"Toka!" Éphraïm akapiga kelele, Biblia juu. "Toka mu jina ya Yesu!"

Samaki akageuka, akaenda zake.

"Munaona?" Éphraïm alisema, amefurahi sana. Laure na Magloire walicheka hadi wakashikana mabega.

Kwenye kioo cha tatu mkunga alikuwa ametoa kichwa tu kwenye shimo la tumbawe. Nkambo akachuchumaa tena, magoti yakalia.

"Hii inajificha juu ya nini?"

"Inaogopa, Nkambo."

"Inaogopa nani? Sisi bote tuko huku inje, na kioo iko katikati."

Barnabé akacheka kicheko kikavu. Bibi hakucheka. Alikaa pale amechuchumaa, akimtazama Barnabé kuliko alivyomtazama mkunga, kisha akamnyoshea mkono amwinue. Mkono wa Barnabé uliofungwa kitambaa ukaingia ndani ya mkono wake. Bibi akaubonyeza kidogo palipochanika.

"Kopo," Barnabé alisema kabla hajaulizwa.

"Eh," alijibu Nkambo. "Kopo iko na meno."

Laure akamsogelea baba yake. "Papa, juu ya nini unatetemeka?"

"Baridi."

"Baridi mu mwezi wa kumi, na hii joto?"

Walikuwa wamefika kwenye mlango wa ukumbi mkubwa, na ukumbi mkubwa, Mungu mkubwa, hauna madirisha! Bila umeme, hakuna anayeona kitu humo. Barnabé akausukuma mlango. Giza likawapokea. Moyo wake ukatua kwa mara ya kwanza tangu mchana.

"Njo hapa anakaaka," alisema, sauti imempanda. "Kioo iko mbele yetu, ukubwa sawa ukuta ya kanisa. Matumbawe yenyewe ilitoka Bahari ya Hindi na treni. Monseigneur iko mule ndani ya pango yake. Analala. Ni muzee. Pole sana Nkambo, tutarudia siku ingine courant iko."

"Minasikitika," alisema bibi gizani.

"Hata minye."

Éphraïm akaanza kuomba, kwa sauti ya mtu aliyeshiba samaki. Rosalie akaitikia amina. Barnabé akafumba macho, akasema moyoni: Bwana, asante, sitarudia tena.

Nje, mtaa mzima ukalipuka kwa kelele. Watoto, akina mama, vifuniko vya sufuria. "Courant! Courant imerudia!"

Taa zikawaka.

Umeme huu wa Likasi, msomaji, ambao watu waliusubiri saa baada ya saa mpaka wakakata tamaa, ulichagua dakika ile. Pampu zikakohoa, maji yakatikisika, na mwamba wote wa matumbawe ukajitokeza mbele yao toka sakafuni hadi darini, wa zambarau, wa manjano, mwingine umekufa na kuwa mweupe, na samaki wadogo wa buluu wakitawanyika juu yake. Laure na Magloire walikutwa wameshikana mikono. Rosalie akaguna kwa aibu ya mama, na Nkambo akacheka. "Ubaache. Njo juu yao tulikuya."

Halafu kicheko kikaisha, kwa sababu wote waliona pango. Lilikuwa linaelekea kioo, wazi, na taa ilimulika hadi ndani. Halikuwa na kitu.

"Iko wapi?" aliuliza Magloire.

"Atakuwa nyuma ya mawe," Barnabé alisema.

Laure akasogea, akagonga kioo kwa kidole, vile alivyokuwa akigonga tangu utoto. Kila mtu Likasi anajua: ukigonga, anakuja. Samaki wadogo walizunguka. Laure akagonga tena, kwa nguvu. Magloire naye akagonga. Hakuna aliyekuja.

Laure akageuka polepole. Alimtazama baba yake usoni, kisha akautazama mkono wake uliofungwa kitambaa. Barnabé aliona kwamba mtoto wake amejua, na akatamani ardhi ipasuke immeze pale pale, na saruji yake.

"Samaki inapotea siku ya kuposa?" Éphraïm alisema, Biblia kifuani. "Ile ni alama. Kuko mulozi mu hii mambo!"

"Baba Éphraïm, uangalie maneno yako!" Rosalie akasimama mbele ya mumewe, mikono kiunoni. "Bwana yangu alitumika hapa tangu ujana. Wakati ya pillage, bantu banabeba bintu mu mugongo, yeye alilala ku ule mulango na kipande ya muti mu mukono. Hakubeba hata musumari. Hakunidanganyaka hata siku moya. Minye naweza kuapa juu yake!"

Kila neno lilimwingia Barnabé. Afadhali angemtukana. Afadhali angempiga kibao mbele ya wakwe.

"Sikusema bwana yako," Éphraïm akapoa. "Lakini mulango haikuvunjika. Nani ingine iko na funguo?"

"Mathieu," alisema Barnabé.

Jina lilimtoka lenyewe, na lilipotoka hakulirudisha.

"Papa!" Laure alipiga kelele. "Parrain?"

"Nasema tu, iko na funguo."

Éphraïm hakungoja zaidi. Alitoka mbio, Magloire nyuma yake, wakienda kwenye kile kichumba cha nyuma. Laure akawakimbilia akilia, Rosalie naye akamfuata akisema, "Muulize pole pole, tafazali, muulize pole pole!" Mlango ukajifunga.

Wakabaki wawili mbele ya kioo, Barnabé na bibi.

Nkambo Madeleine akafungua fundo kwenye pindo la kitenge chake. Akakishika kiganja cha Barnabé, kile kizima, akaweka kitu humo. Kilikuwa chepesi na baridi. Kibati cheupe. Juu yake kilikuwa kimechongwa: POISSON 1.

"Nilisikia ku meno," alisema. "Nikazani mufupa. Nikatoa, nikaona chuma na namba. Kiti ya Kampuni iko na namba. Nyundo ya Kampuni iko na namba. Samaki ya Kapolowe haina namba, Baba Laure."

Barnabé akaanguka magoti. "Nkambo, unisamehe. Hatukukuwa na kintu. Nilisikia haya kubapatia majani."

"Juu ya kula nilikusamehe pale pale mezani. Muntu iko na wageni anatafuta. Hata minye, wakati ya vita, nilipikiaka batoto bintu sitataja. Njo maana nilifunga mudomo." Akashusha pumzi. "Nikasema: tutaenda kule. Mu njia atakuya karibu yangu, ataniambia, tutaimaliza sisi wawili, Éphraïm asijue. Nilikungoja ku kila kioo. Haya magoti yangu, unazani nilikuwa nachuchumaa juu ya samaki?"

Barnabé alificha uso. Alikuwa amejiona mjanja kwa kuchelewesha. Kumbe aliyechelewesha ni bibi mwenye magoti mabovu, aliyekuwa akimfungulia mlango baada ya mlango, na yeye alipita yote bila kuingia.

"Na sasa," alisema Nkambo, "unatoa Mathieu."

Mlango ukafunguka kwa kishindo, wote wakaingia. Barnabé akainuka haraka, akafumba ngumi. Éphraïm alikuwa amemshika Mathieu ukosi. Mathieu, mwembamba, shati la kazi limetoboka kiwiko, alitazama pango tupu, akamtazama Barnabé na kitambaa chake, akamtazama Laure, ambaye sasa alikuwa amejibanza kwa Magloire, mkono ndani ya mkono, macho yamevimba.

Akaelewa yote kwa kutazama mara moja. Walifanya kazi pamoja miaka mingi mno asielewe.

"Usinivute, baba," alimwambia Éphraïm kwa upole. "Ni minye. Nilisikia njaa, nikakula. Baba Laure hakujua kintu. Ndoa ya mutoto haiingii mu hii mambo."

Jamani! Ngumi ya Barnabé ikalegea yenyewe. Kibati kikamponyoka, kikagonga saruji, kikabingirika hadi miguuni pa Rosalie.

Rosalie akainama. Alisoma. Ni mwanamke aliyesoma kwa masista, hakuhitaji kusoma mara mbili. Akaviinua vidole vyake puani, vile vidole vilivyopaka chumvi na kukaanga, akavinusa. Kisha akakiacha kibati pale chini na kukikanyaga.

"Nini imeanguka?" aliuliza Éphraïm.

"Kifungo ya blouse."

Éphraïm alimtazama. Alimwachia Mathieu ukosi. Kitu kilikuwa kinamjia taratibu, na kila mtu alikiona kinavyomjia.

"Huyu anasema alikula samaki," alisema. "Likasi muzima samaki mubichi haionekane. Na leo sisi bote tulikula samaki mubichi." Mkono wake ukaenda tumboni. "Mama Laure. Ile ya kwetu ilitoka wapi?"

"Kapolowe," alisema Rosalie. Sauti yake haikutikisika. "Nilienda minye mwenyewe. Nilimuona muvuvi na macho yangu."

Ni mara ya kwanza Barnabé kumsikia mkewe akisema uongo. Aliusema vizuri, kwa ajili ya mumewe.

Éphraïm akaitoa Biblia kwapani, akaishika mbele yake kwa mikono miwili. "Ulisema unaweza kuapa juu ya bwana yako. Tia mukono hapa."

Rosalie akaunyanyua mkono. Karibu na pete ya ndoa, pembeni ya kidole, gamba moja la samaki lilikuwa bado limeng'ang'ania, likimeta kwenye zile taa. Mathieu akainamisha kichwa. Nkambo Madeleine hakumtazama Rosalie. Alimtazama Barnabé, kama alivyomtazama kwenye kila kioo, na akangoja.

Mkono ukashuka.

Barnabé akaushika kabla haujafika.

"Utoe, mama," alisema. "Si yako njo inatakiwa hapa."

Akafungua kitambaa kwa meno, kikaanguka. Akaweka kiganja chake chenye kidonda juu ya Kitabu, na damu kidogo ikabaki kwenye jalada. Pampu zilinguruma.

"Sema," Éphraïm alinong'ona. "Ulitulisha nini?"

Na kabla Barnabé hajatamka neno hata moja, aliona Magloire ameuachia mkono wa Laure.